Aliyeitika kwa Jina la Mtoto

Siku ya pili baada ya ubatizo, Adalinda alimwinamia mwanawe kwenye susu, kitanda chake cha kubembea, akamtekenya kidevu, akamwita kwa jina lake jipya kwa sauti ya mzaha, kama mama yeyote anavyomwita kichanga ambaye bado hajui jina wala dunia.

"Ansbert! We Ansbert!"

"Naam."

Sauti ilikuwa ya mwanamume mzima. Haikutoka mlangoni wala dirishani. Ilitoka chini, penye mbao za sakafu, nzito, ya kukwamakwama, kama ya mtu anayesema na kinywa kimejaa chakula.

Adalinda aliinua kichwa. Rotilda, yaya wa mtoto, aliyekuwa akianika nguo karibu na meko, alikuwa ameganda vilevile, kitambaa kinamchuruzikia maji miguuni.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, bibi."

"Rotilda."

"Nimesema sijasikia, bibi, na wewe hujasikia." Yaya alinong'ona huku macho yake hayabanduki sakafuni. "Mambo mengine ukikiri umeyasikia, umekwisha kuyakaribisha."

Mtoto alicheka, akarusha miguu.

Ngome ile ilikuwa juu ya kilima, mto Loire unapita chini yake, na bwana wake alikuwa Ragenar, baba mkwe wa Adalinda, mzee mwenye mabega mapana kama mlango wa zizi. Alikotoka hakuna aliyejua. Alitokea msituni mwaka ule watu wa Kaskazini walipopandisha mto na merikebu zao, wakaiteka ngome na kuwamaliza waliokuwemo, pamoja na bwana wa zamani, Ansbert, na mkewe na watoto wake. Ragenar na wahuni aliowaokota porini waliwavizia maharamia wale wakiwa chakari, wakawachinja kama kondoo, naye akakaa. Mfalme, ambaye hakuwa na mwingine wa kumpa, akamwachia. Wapo waliosema Ragenar ni mwana wa haramu wa mkubwa fulani wa Bretoni. Wapo waliosema kazaliwa na mbwa mwitu, ila hilo walilisema akiwa mbali.

Kwa Wafranki, jina la ukoo ni mali kama shamba. Mtu hampi mwanawe jina la ukoo wa watu, kama vile hafungi ng'ombe wa jirani zizini mwake. Lakini mwaka huo mtawala wa jimbo alikufa bila mrithi, mfalme akawa anatafuta mtu wa kumweka, na mtu huyo sharti awe na nasaba. Hapo ndipo Ragenar alipokumbuka, baada ya miaka yote ile ya kimya, kwamba mama yake alikuwa dada wa Ansbert. Mjukuu wake wa kwanza akabatizwa Ansbert.

"Mbona hukuwahi kutuambia, baba?" aliuliza Gozlin, mwanawe, mume wa Adalinda.

"Hukuwahi kuniuliza."

Gozlin, na ndevu zake zote, aliinamisha kichwa. Ndivyo alivyokuwa mbele ya baba yake tangu utotoni.

Harufu ilianza wiki ileile. Ilikuwa harufu ya shayiri iliyoungua, lakini si ile ya jikoni. Hii ilikuwa na unyevu ndani yake, na utamu wa kuoza, kama gunia lililoteketea likaachwa mvuani. Wapishi walikagua vyungu. Vijakazi walifagia majani makavu ya sakafuni, wakatandaza mapya, na kesho yake majani mapya yakanuka vilevile. Kisha mbwa wa kuwindia wakaanza. Waliingia ukumbini wakakusanyika pembeni, penye susu ya mtoto, wakawa wanaparua mbao mpaka kucha zikang'oka, wakipigwa wanaondoka, wakiachwa wanarudi, na asubuhi moja mtunza mbwa akawakuta wote wamekufa bandani, matumbo yamevimba kama viriba. Alipompasua mmoja kutazama kama ni sumu, alikuta nafaka nyeusi imemjaa kuanzia kooni hadi utumboni, imeshindiliwa kama mtu anavyoshindilia unga kwenye mfuko.

Ragenar alikuja akatazama. Adalinda, aliyekuwa nyuma yake, alimwona akichukua punje moja, akaivunja kwa kucha, akainusa. Rangi ya uso wake ikawa ya majivu.

"Wachomeni," alisema. "Na yeyote atakayesema neno kuhusu jambo hili nitamkata ulimi."

Rotilda ndiye aliyekwenda kinyume. Alikuwa mwanamke wa maneno, na hofu ilimwasha kama upele. Hakuweza kukaa nayo bila kuikuna. Mchana mmoja wa ukungu, Adalinda alikuwa akijiandaa kwenda kisimani na kumwacha yaya peke yake na mtoto.

"Bibi, leo nataka niukate huu mzizi," Rotilda alimwambia. "Nitamwita mtoto kwa sauti, watu wote wasikie. Hakuna kitakachoitika, tutacheka, yatakwisha."

"Usithubutu. Mwite 'mtoto,' kama nilivyokuagiza."

"Basi, bibi. Basi."

Akiwa kisimani Adalinda aliisikia sauti ya yaya ndani ya ukumbi, ya kujikakamua, ikiita "Ansbert!", kisha kimya, kisha "Ansbert!" tena na kicheko kidogo cha mtu anayejipa moyo, na mara ya tatu jina halikumalizika, lilikatikia kooni, na baada yake ukasikika mlio kama wa tawi bichi linalovunjwa gotini. Adalinda aliitupa ndoo. Alikimbia akiteleza kwenye matope, akausukuma mlango ambao ulikuwa mzito kana kwamba nyuma yake pana mtu ameuegemea, na alipoingia alimkuta Rotilda amepiga magoti kando ya susu, kichwa kimeelekea juu, taya limeng'olewa likaning'inia hadi kifuani, na kutoka kwenye koo lake lililoachama ilikuwa ikimwagika shayiri nyeusi, taratibu, punje kwa punje, ikigonga sakafu kama mvua ya kwanza juu ya paa. Mtoto alikuwa ameketi ndani ya susu. Hakuwa na umri wa kuketi. Alikuwa anaitazama ile nafaka na kutabasamu, na mkono mdogo mweusi, si wake, ulikuwa umepenya ufa wa mbao na kuutikisa mguu wa susu kwa upole, kama dada anayembembeleza mdogo wake.

Adalinda alimnyakua mtoto akatoka mbio. Hata kupiga kelele hakukumbuka.

Jioni hiyo alimkabili baba mkwe wake mbele ya mumewe.

"Libadilishe jina, baba. Nakuomba. Mpe jina la baba yako."

Ragenar alikuwa akinoa kisu. Hakuacha kunoa. "Nani kakwambia nilikuwa na baba?"

"Kila mtu ana baba."

"Wengine tuna baba wa kutosha kutuzaa tu. Jina litabaki. Mwisho wa mwezi wanakuja karamuni mabwana wa jimbo lote, na mjumbe wa mfalme akiwa kati yao, watamwona mtoto wakalisikia jina. Baada ya hapo mwiteni mnavyotaka."

"Kuna kitu chini ya ukumbi huu. Kimemuua Rotilda."

"Rotilda ameuawa na mwizi."

"Mwizi gani anamshindilia mtu shayiri? Gozlin, sema neno! Ni mwanao!"

Gozlin alifungua kinywa. "Baba, labda..."

Ragenar alimpiga mwanawe kofi la mgongo wa mkono, lile la kumpigia mbwa, damu ikaruka puani. Kisha akamshika Adalinda nywele, akaulaza ubapa wa kisu shavuni mwake.

"Jina lile limenigharimu kuliko wewe utakavyopata kujua," alisema polepole. "Sitalirudisha."

Kesho yake Adalinda alimfunga mtoto mgongoni, akaingia msituni kumtafuta Padri Erlwin.

Erlwin alikuwa askari kabla ya kuwa padri. Sikio moja aliliacha vitani, na adabu zake aliziacha hukohuko. Aliishi katika kikanisa cha mawe kati ya mialoni, na watu wa pande zile walimwendea kila kitu kilipowashinda, mke aliyepagawa au ng'ombe asiyetoa maziwa. Adalinda alimkuta akichuna sungura.

"Mke wa mwana wa Ragenar," padri alisema bila kuinuka. "Mkwe wako aliwahi kunifungulia mbwa. Umeniletea mbwa wengine?"

"Mbwa wamekufa wote, padri."

Akamsimulia. Erlwin aliendelea kuchuna, lakini aliposikia habari ya lile "naam" kisu chake kilisimama.

"Ni jini?" Adalinda aliuliza. "Au ni mzimu?"

"Jini humfukizia moshi, akaondoka. Huyu ni mtu." Alijifuta mikono kwenye majani. "Nisikilize, binti yangu. Maiti aliyelala kwa amani, hata ukiliita jina lake mpaka ukauke koo hageuki ubavu. Anayeitika ni yule aliyekufa akiwa anasubiri kuitwa. Sasa swali ni hili, nani alimwambia asubiri?"

Padri alimtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Siku ya karamu nitakuja," alisema. "Hawataniita, lakini mimi sijawahi kungoja kuitwa penye nyama."

Siku ya karamu ilifika. Jua lilikuwa limetoka, jeupe, la baridi, na milango ya ukumbi iliachwa wazi. Meza zilijaa nguruwe wa kubanika, mikate, jibini na divai. Mabwana wa jimbo walikaa na wapiganaji wao nyuma yao, mjumbe wa mfalme pembeni ya mwenyeji, na hakuna asiyeisikia ile harufu, ila kila mmoja alidhani ni jirani yake. Bovo, bwana wa ng'ambo ya mto, mnene mwenye kicheko, alinyanyua kikombe.

"Ragenar! Kumbe una mama! Sisi tulidhani uliota tu, kama uyoga!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ragenar naye alicheka, kwa meno tu. Alimwendea Adalinda, akampokonya mtoto, akapanda juu ya benchi, akamwinua kwa mikono miwili juu ya vichwa vya watu.

"Mtazameni! Damu ya mabwana wa ngome hii tangu enzi za wafalme wa kale! Mwiteni jina lake!"

"Ansbert!" walipaza sauti wakigonga vikombe mezani. "Ansbert! Ansbert!"

Adalinda alimwona Padri Erlwin akisukumana na watu mlangoni, anapunga mikono, anapiga kelele wanyamaze, na hakuna aliyemsikia.

"Naam," ikaitika sakafu.

Walioisikia wakanyamaza, wasioisikia wakaendelea kuita, na kila walipoita ikaitika, "naam", "naam", sasa si sauti moja bali kadhaa, ya mwanamke, za watoto, zikiitika pamoja na ya mwanamume kana kwamba jamaa nzima imesimama nyuma yake kwenye mlango mmoja mwembamba, mpaka hata wale waliolewa kabisa wakashusha vikombe, na katika kimya kilichofuata mbao za pembeni zikaanza kunyanyuka, moja baada ya nyingine, misumari ikilia, na vidole vikatokea kwenye nyufa, vyeusi, vyembamba, vingine vidogo mno kuwa vya mtu mzima, vikamshika mnyweshaji divai kwenye vifundo vya miguu, vikamvuta, vikamvuta kwenye ufa ambao hata paka asingepita, naye akawa anapita, mguu kwanza, kisha nyonga, mifupa ikipasuka kama kuni kavu, akiita mama yake.

Watu walikimbilia mlangoni wakakanyagana. Kutoka shimoni lilipanda vumbi jeusi la shayiri iliyoungua, likapinda hewani kama kundi la nyuki linalotafuta mzinga, likamfikia Gozlin aliyekuwa ameuchomoa upanga wake asijue wa kumkata, likamwingia puani, mdomoni, machoni, akakohoa mara moja, akasimama wima. Adalinda hakuwahi kumwona mumewe amesimama wima namna ile. Macho yake yalikuwa meusi, hayana weupe.

Bovo alikuwa karibu naye. "Gozlin, kijana wangu, weka chini hiyo..." Upanga ulimwingia mdomoni ukatokea kisogoni. Gozlin aliuchomoa bila kumtazama. Mpiganaji mmoja alimrukia kwa mkuki. Alikatwa mkono, kisha shingo, damu ikanyunyiza mikate. Mwingine alipasuliwa kutoka bega hadi kiunoni, deraya ya chuma na vyote. Gozlin alikuwa akitembea tu, kwa utulivu, kama mtu anayefyeka majani akielekea nyumbani kwake, na alikuwa akielekea kwenye benchi aliposimama Ragenar na mtoto.

Adalinda alifika kwanza. Alimvuta mtoto kutoka mikononi mwa mzee, akarudi nyuma hadi ukutani, hana pa kwenda tena.

Padri Erlwin akasimama katikati, mkono mmoja msalaba, mwingine umeshika mguu wa kiti.

"Amani kwako, mgeni! Wewe ni nani?"

"Mimi si mgeni." Kinywa kilikuwa cha Gozlin, sauti haikuwa yake. "Wageni ni ninyi. Mimi ni Ansbert, mwenye ukumbi huu."

"Unataka nini?"

"Niliitwa. Nimekuja."

"Nani alikwambia usubiri kuitwa?"

Upanga uliinuka ukamwelekea Ragenar. "Yule. Mlisha nguruwe wangu. Merikebu zilipoonekana mtoni alikuja mbio akaniambia, bwana, ingia kwenye shimo la nafaka, wewe na mke na watoto, mimi nitafunika kwa majani wasiwaone. Kaeni kimya. Wakiondoka nitakuita kwa jina, nawe uitike. Tukaingia. Nikasikia akiviringisha jiwe juu ya mfuniko. Nikasema, mtu mwaminifu huyu. Kisha nikasikia akimimina makaa ya moto kwenye tundu la hewa."

Mjumbe wa mfalme alikuwa chini ya meza, amejifunika kichwa.

"Shayiri haiwaki, inafuka," ile sauti iliendelea. "Watoto walikufa kwanza. Tulikuwa tunawaziba midomo wasikohoe, tusije tukasikika. Nikangoja kuitwa. Nimengoja. Leo mmeniita, na ninakuta jina langu limevalishwa mtoto wa mwingine kama koti. Nileteeni nilivue."

Akamgeukia Adalinda. Alielekeza ncha ya upanga kwa mtoto aliyekumbatiwa. Adalinda alimgeuzia mgongo ili chuma kipite kwake kwanza, akafumba macho, akasikia upanga ukija na kuingia katika nyama. Haikuwa nyama yake.

Ragenar alikuwa amejitupa katikati. Upanga ulikuwa umemzama tumboni hadi kwenye mpini, naye alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kwa mikono yake miwili asiuchomoe.

"Mwambie wewe ni nani!" Erlwin alifoka. "Mzee, hutapata nafasi nyingine! Mwambie!"

"Anajua mimi ni nani!" Ragenar alinguruma, damu ikimtoka mdomoni. Alizungumza uso kwa uso na lile giza lililokuwa machoni mwa mwanawe. "Mimi ni Ragenar, mwana wa Hukbald, mchunga nguruwe! Nguruwe wako mmoja alipotea, mmoja tu, ukamnyonga baba yangu kwenye mwaloni, mimi nikiwa nimemshika miguu nimwinue asikabwe, watu wako wakicheka! Nilimshika mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha nikamwachia. Mimi ndiye niliyemwachia! Unaniambia habari za kungoja?"

Mkono wa Gozlin uliacha kuuvuta upanga.

"Watoto wako hawakunyonga mtu," Ragenar alisema, na sasa hakuwa akinguruma tena. "Hao nawakiri mbele ya hawa wote. Usiku na mchana nawasikia. Huyu mtoto si wako, jina lako lile pale, lichukue. Yeye ni Hukbald. Unasikia? Hukbald, kama babu wa baba yake."

"Maliza," padri alisema taratibu. "Ulimwahidi utamwita."

Ragenar alivuta pumzi, ikamtoka kwa mapovu. Alisema kama kijana anavyomwambia bwana wake, kwa heshima:

"Ansbert, bwana wangu. Wameondoka. Toka."

"Naam," alijibu Gozlin.

Na vumbi likamtoka kinywani na puani, jingi kuliko kifua cha mtu kinavyoweza kubeba, likapita mlangoni, likapotelea kwenye jua. Gozlin alianguka juu ya baba yake.

Alipozinduka aliona mikono yake, akaona upanga, akauliza nani amemchoma baba. Adalinda alimfuta mikono kwanza, kisha akamwambia. Ragenar alikuwa bado ana uhai kidogo. Alimshika mwanawe sikio, akalivuta, kama wanavyofanyiwa watoto wadogo, akafa hivyo.

Walipoliviringisha jiwe na kulifungua shimo, waliwakuta wamekaa wakiegemea ukuta, Ansbert na mkewe, watoto katikati yao, nafaka nyeusi imewafika vifuani. Mnyweshaji divai alikuwa miguuni pao. Erlwin aliwatoa mmoja mmoja kwa mikono yake akawazika kwa sala, na kila mmoja alimwita jina, kwa wale ambao majina yao yalikumbukwa.

Wapiganaji walikuwa wamekusanyika langoni, wengine na mizigo yao begani. Mmoja wao, mwenye kovu, akamwuliza Gozlin waziwazi, "Sasa sisi tunamtumikia mwana wa nani?"

Gozlin alikuwa na damu ya baba yake kwenye ndevu. "Mwana wa Ragenar," alisema, "mwana wa Hukbald, mchunga nguruwe. Anayeona haya, lango liko wazi."

Baadhi waliondoka. Yule mwenye kovu alijikuna kichwa. "Babangu mimi aliiba kuku mpaka wakamkata pua," alisema, akashusha mzigo wake. Jimbo mfalme alimpa mtu mwingine, mtu mwenye nasaba, na Gozlin hakulitaja tena.

"Liko sharti," Erlwin alimwambia Adalinda alipokuwa akiondoka. "Nyumba hii ikiulizwa asili yake, ijibu kweli, au inyamaze. Ikivaa tena jina la watu, mimi sitakuwepo. Nimezeeka, na nyama yenu inanuka."

Miaka ilipita. Gozlin alikufa kitandani mwake, jambo adimu kwa mabwana wa wakati ule. Hukbald alikua, akawa mrefu, akapigana vizuri, na jimbo ambalo babu yake alilikosa kwa nasaba yeye alilichukua kwa upanga. Akaoa binti wa wakubwa. Siku ya harusi wageni walijaza ukumbi mpya wa mawe uliojengwa mbali na ule wa zamani, na baba wa bibi harusi, mtu mpole, akamwuliza mkwewe kwa adabu kuhusu asili ya ukoo wake, maana huko kwao kila mtu alikuwa anajiuliza.

Hukbald alizungusha kikombe mkononi. Adalinda, mzee sasa, ameketi mwisho wa meza na fimbo yake, alimwona akitazama nguo za wakwe zake, dhahabu yao, mikono yao myeupe.

"Sisi?" Hukbald alisema. "Asili yetu ni ya zamani sana. Watu hawajui, lakini bibi yake baba alikuwa wa ule ukoo wa..."

Hakumaliza. Mama yake alikuwa ameinuka, ameipita meza nzima bila fimbo, na kofi alilompiga lilimwangusha bwana wa jimbo kutoka kwenye kiti chake, divai ikamwagikia kitambaa cha bibi harusi. Wapiganaji wa wakweze walishika panga. Hakuna aliyejua amkate nani.

"Sema," Adalinda alimwambia mwanawe.

"Mama, mbele ya wageni..."

"Sema, Hukbald."

Alikuwa bado sakafuni, mdomo umepasuka. Alitema damu. Aliwatazama wakweze, akamtazama mama yake, na kile alichokiona usoni pake kikamfanya aseme haraka, kwa sauti ya juu, kama mtoto aliyeamka ndotoni.

"Babu wa baba yangu alikuwa mchunga nguruwe. Alinyongwa. Jina lake ndilo langu."

Baba wa bibi harusi aliweka kikombe chake chini polepole. Adalinda hakumtazama yeye wala mtu mwingine yeyote. Alibaki amesimama palepale, mkono bado umeinuliwa kuwazuia wasiseme neno, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza chini.